Mafundo ya merikebu juu ya meza ya chakula

Kila mwaka, mtihani wa darasa la saba unapomalizika mwezi Septemba, maelfu ya nyumba zetu huingia katika msimu usio na jina. Mtoto si mwanafunzi wa shule ya msingi tena, na sekondari haijamfungulia mlango. Hadi Januari yuko nyumbani. Wenye uwezo humpeleka masomo ya maandalizi ya kidato cha kwanza, madrasa humchukua saa chache za jioni, na saa zote zilizosalia hugawanywa baina ya simu, kijiwe na usingizi. Wazazi wengi tunaijua hofu ya msimu huo, na wengi tunaificha kwa kumtuma kijana dukani mara sita kwa siku.

Zamu hiyo ilipofika nyumbani kwangu, kijana wetu alikuwa na miaka 13. Hakuwa mtoto mbaya, alhamdulillah. Alikuwa mtoto aliyeacha kuzungumza. Ukimwuliza jambo hujibu kwa neno moja, macho yakiwa kwenye kioo cha simu ya mama yake. Ndipo mjomba wake aishiye London alipokuja likizo na sanduku refu la karatasi ngumu, ambalo juu yake imechorwa merikebu ya milingoti mitatu, matanga yamevimba kwa upepo.

Ndani ya sanduku hamkuwa na merikebu. Mlikuwa na fremu nyembamba za plastiki zilizoshikilia mamia ya vipande, kuanzia nusu mbili za ubavu mpaka kapi ndogo kama punje ya mtama, pamoja na mabunda ya uzi na kijitabu cha maelekezo. Kijana akavitazama, akamtazama mjomba wake, akauliza: “Sasa merikebu iko wapi?” Mjomba akajibu kwamba iko humo humo, isipokuwa haijajengwa, kisha akapanda ndege akarudi zake Uingereza.

Merikebu yenyewe ni Cutty Sark, na modeli ile ilikuwa ya skeli ya 1:96, maana yake kila sentimita 96 za chombo halisi zimefanywa kuwa sentimita moja. Ikikamilika, kutoka ncha ya mlingoti wa maji mpaka tezi, inakaribia sentimita 90. Hiyo ni nusu ya meza yetu ya chakula, na kwa muda wa miezi minne sisi tulikula kwenye nusu nyingine.

Inafaa msomaji aijue kidogo merikebu hiyo, maana bila kuijua utaona tunashughulika na plastiki tu. Ilijengwa Dumbarton, Scotland, ikashushwa majini Novemba 1869 kwa ajili ya kubeba chai kutoka China. Mataruma yake ni ya chuma na ubavu wake ni wa mbao, na sehemu ya chini ilivikwa mabati ya mchanganyiko wa shaba na zinki ili wadudu wa baharini wasiitoboe. Ilikuwa miongoni mwa merikebu za matanga zenye kasi kubwa kabisa. Lakini angalia tarehe. Mfereji wa Suez ulifunguliwa tarehe 17 ya mwezi ule ule, juma halikupita. Meli za moshi zikapata njia ya mkato baina ya Ulaya na Mashariki, ilhali merikebu za matanga hazikuweza kuufaidi mfereji ule kwa sababu ya pepo za Bahari ya Sham na gharama za kukokotwa. Cutty Sark ilizaliwa siku ambayo kazi yake ilikuwa imekwisha kuandikiwa mwisho. Katika safari yake ya kwanza ilirudi London na zaidi ya pauni milioni 1.3 za chai. Baada ya miaka michache tu meli za moshi zikaichukua biashara hiyo, nayo ikahamia kubeba sufi ya kondoo kutoka Australia. Mwaka 1895 iliuzwa kwa Wareno. Mwaka 1922 Mwingereza mmoja, Kapteni Wilfred Dowman, akainunua na kuirudisha kwao, na tangu mwaka 1954 imekaa Greenwich, London, ndani ya gudi kavu, watu wakiitembelea.

Tulianza kwa sabuni. Vipande vya plastiki hutoka kiwandani vikiwa na mafuta ya kalibu, na usipoviosha rangi haishiki. Binti yetu mdogo alivisugua vyote katika beseni kwa mswaki mkuukuu, akavianika juu ya kanga. Vifaa tulivyovihitaji vilipatikana nyumbani: kikata kucha cha kutolea vipande kwenye fremu, tupa ya kucha na msasa laini wa kusawazishia, vibanio vya nguo na raba za kufungia noti za kubania mpaka gundi ishike, kibano cha nyusi cha kushikia vidude vidogo. Tulichonunua ni rangi, brashi mbili na gundi.

Kuhusu gundi naomba wazazi wanisikilize. Gundi ya kazi hii huyeyusha plastiki yenyewe ili vipande viwili viwe kimoja, na mvuke wake haufai kuvutwa. Madirisha yawe wazi, na chupa ikae kwa mzazi, itolewe wakati wa kazi na irudishwe kazi inapokwisha. Sote tunawaona watoto wa mitaani na chupa zao za gundi; sina haja ya kueleza zaidi. Wembe nao ni hivyo hivyo.

Nusu mbili za ubavu hazikukubaliana. Sijui ni joto la safari au ni kalibu, lakini upande mmoja ulikuwa umejipinda, na ukibana omo, tezi inaachana. Kijana alitaka kumimina gundi nyingi na kulazimisha. Tukakubaliana kuunganisha kidogo kidogo, sentimita kumi kila usiku baada ya Isha, tukibana kwa vibanio na kuacha ikauke hadi siku ya pili. Kazi ya dakika kumi ikatuchukua siku tisa. Hapo ndipo nilipoanza kusikia sentensi ndefu zikitoka kinywani mwa mwanangu. Mtu anayesubiri gundi ikauke, mikono yake imeshika ubavu wa merikebu na hawezi kuiachia, hana budi kuzungumza na aliyeshika upande wa pili.

Baada ya ubavu ikaja sitaha, na baada ya sitaha likaja jambo ambalo sikulitarajia.

Mama yangu, ambaye nyumbani sote tunamwita Bibi, anaishi nasi na bado hushona kofia za mkono. Alikuwa akiketi jirani na meza na kitambaa chake, akitupia jicho. Jioni moja akauliza jina la chombo lina maana gani.

“Shimizi fupi, Bibi,” akajibu kijana, aliyekuwa amekwisha kulitafuta.

“Shimizi?”

“Ndiyo. Shimizi ya mchawi.”

Bibi akaweka sindano chini. “Mume wangu, katika majina yote ya dunia hii, Wazungu walikosa la kuiita merikebu mpaka wakaiita shimizi ya mchawi?”

Ndivyo ilivyo. Jina limetoka katika shairi la Robert Burns, mshairi wa Scotland, liitwalo “Tam o' Shanter”. Ni kisa cha mlevi anayerudi nyumbani usiku juu ya farasi, akawakuta wachawi wanacheza ngoma, mmoja wao, Nannie, akiwa amevaa shimizi fupi. Mlevi akashindwa kujizuia, akapiga kelele, wakamfukuza, na alipofika darajani Nannie akaudaka mkia wa farasi ukang'oka ukabaki mkononi. (Bibi alisema haoni ajabu yoyote, kwani mlevi kukutana na mashetani ndiyo kawaida yake.) Basi mbele ya Cutty Sark, chini ya mlingoti wa maji, imesimama sanamu ya mwanamke huyo, mkono ameunyosha, ameshika mkia wa farasi. Inasimuliwa kuwa mabaharia walikuwa wakiutengeneza mkia huo kwa kamba zilizochambuliwa kila walipokaribia bandari.

Na katika fremu namba fulani ya sanduku letu alikuwamo Nannie wa plastiki, urefu wake kama kiungo kimoja cha kidole.

Bibi alisema sanamu hiyo haitokaa katika sebule anayosalia. Kijana alisema merikebu isiyo na sanamu yake si kamili, na kwamba hata mwanasesere wa mdogo wake ana kichwa na hajawahi kukatazwa. Nami nilifanya wanavyofanya akina baba wengi: nikasema tutaona, nikaenda kazini. Siku tatu kazi ikasimama, na ndani ya nyumba pakawa na upepo mbaya.

Aliyetufungua ni ustadhi wa madrasa, na shukrani zimwendee kwa sababu alimpokea kijana kama mtu mwenye swali, hakumpokea kama mtu mwenye kosa. Alimweleza kwamba jambo la sanamu za viumbe vyenye roho limekuja na makemeo mazito katika hadithi za Mtume (S.A.W.), na kwamba wanazuoni, pamoja na kukubaliana juu ya makemeo hayo, wametofautiana katika mipaka yake. Wengi wamevilegezea vitu vya kuchezea watoto, na dalili yao ni Bi Aisha (R.A.), aliyekuwa na wanasesere na farasi mwenye mbawa, na Mtume (S.A.W.) alipomwuliza habari za mbawa hizo, na yeye akamjibu kwa kutaja farasi wa Nabii Suleiman (A.S.), alicheka. Kinachowekwa juu kwa pambo na kutazamwa ni jambo jingine, nacho kina ukali zaidi. Akamweleza pia kwamba wako wanazuoni wanaosema sanamu ikiondolewa kichwa haihesabiwi kuwa sanamu tena. Kisha akamwuliza swali moja: merikebu hii ni ya kuchezea au ni ya kuweka juu ya kabati?

Kijana alirudi kimya. Nilidhani amekasirika. Siku ya pili alimwambia bibi yake kwamba merikebu ni ya kuweka juu ya kabati, kwa hiyo Nannie hatopanda. Hakumkata kichwa wala hakumtupa. Alimwacha katika fremu yake, ndani ya sanduku, pale alipozaliwa. Omo ya merikebu yetu ikabaki wazi, na nakshi zake zikapakwa rangi ya dhahabu.

Swali lililofuata lilikuwa lake pia, na lilinipata bila jibu la haraka: vyombo vyetu viliwekwa nini mbele?

Ilinibidi nikatafute. Mtepe, chombo cha kale cha mwambao wa Lamu na visiwa vyake, ulikuwa na omo iliyochongoka juu kama kichwa cha ngamia, na inasimuliwa kwamba umbo hilo ni ukumbusho wa ngamia wa Mtume (S.A.W.). Baadhi ya mitepe ilichorwa macho na kuning'inizwa hirizi, mambo ambayo ustadhi wetu asingeyapitisha hata kidogo, kwa hiyo tusijifanye kwamba wachawi walikuwa wa Wazungu peke yao. La kustaajabisha zaidi ni kwamba mtepe haukuwa na msumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi, tundu kwa tundu, na tanga lake la pembe nne lilikuwa mkeka. Modeli za mtepe zimehifadhiwa katika makumbusho ya Lamu na Fort Jesus, Mombasa. Bibi aliposikia neno “ulishonwa” alisogeza kiti chake karibu na meza.

Kisha nikamsimulia kijana habari za Sultana, ambazo mimi mwenyewe nilizijua nusunusu tangu utotoni. Hii ilikuwa merikebu ya Sayyid Said bin Sultan, iliyojengwa Bombay mwaka 1833, yenye milingoti mitatu na mizinga 14, kwa umbo ni binamu wa Cutty Sark kuliko wa jahazi. Februari 1840 iliondoka Zanzibar, ikapita Rasi ya Tumaini Jema, na tarehe 30 Aprili ikaingia bandari ya New York. Mjumbe wa Sayyid alikuwa Ahmad bin Naaman Al-Kaabi. Ndani mlikuwa na tende, kahawa ya Mokha, karafuu, ngozi na pembe za ndovu, pamoja na zawadi za Rais Martin Van Buren zikiwamo farasi wawili. Watu wa New York walijazana bandarini kuwatazama mabaharia wenye vilemba. Mchoraji Edward Mooney alimchora Ahmad bin Naaman, na picha hiyo ingalipo. Wamarekani waliitengeneza merikebu hiyo upya kwa gharama yao katika gudi la jeshi la majini la Brooklyn kabla haijarudi nyumbani mwezi Agosti. Kijana aliuliza karafuu zile zilichumwa na nani. Nilimwambia ukweli: mashamba ya Unguja na Pemba wakati huo yalilimwa na watumwa. Alinyamaza kidogo, akaendelea kupaka rangi. Sikuona sababu ya kumpunguzia historia mtoto aliyekwisha kuwa na umri wa kuiuliza.

Modeli ya plastiki ya Sultana sijapata kuiona dukani. Wala ya mtepe.

Sasa nije kwenye kamba, ambako ndiko merikebu hujengwa hasa. Makumbusho ya Greenwich yanasema Cutty Sark ina kamba za urefu wa maili 11. Modeli haihitaji nyingi kiasi hicho, lakini inahitaji nyingi kuliko subira ya mtu wa kawaida. Ziko kamba zisizosogea, zinazoishikilia milingoti, nazo hufanywa nyeusi kwa sababu zile halisi zilipakwa lami zisioze. Ziko zinazovutwa, za kupandishia foromali na kugeuzia matanga, nazo huachwa na rangi ya kahawia. Na ubavuni mwa kila mlingoti ziko ngazi za kamba walizopandia mabaharia. Kiwanda kilikuwa kimetupa ngazi za plastiki zilizokwisha kufinyangwa, nene kama waya wa senyenge. Kijana alizitazama akasema zinafanana na dirisha la duka. Akataka kuzifunga mwenyewe, fundo kwa fundo.

Hapo Bibi aliingia kazini. Uzi wa dukani una manyoya, na kwenye kitu kidogo kama hiki manyoya hayo huonekana kama kamba yenye ndevu. Bibi aliupitisha uzi wake wa kushonea kofia juu ya kipande cha nta ya nyuki mara mbili, ukatoka laini na mzito kidogo, ukikaa pale unapouweka. Akamfundisha kijana kushika sindano kwa ncha za vidole na kuliona tundu kwa kidole kabla ya jicho. Fundo lenyewe ni jepesi kulieleza: uzi unaizunguka kamba mara mbili na kujipita chini ya mgongo wake. Kulifunga mara ishirini kwa mstari ulionyooka, huku kamba ikikimbia, ni habari nyingine. Kwa usiku mmoja alimaliza mafundo 30, siku njema 40. Tulipiga hesabu kwamba ngazi zote zingefika mafundo 900 na zaidi.

Ninalotaka kulieleza sasa si jambo la kujisifia. Upande wa kushoto wa mlingoti wa mbele ulikuwa kazi yake ya kwanza, na haukuwa sawa. Ngazi zilipanda na kushuka kama mawimbi. Usiku mmoja wote walipolala, mimi, kwa nia niliyoiita njema, nikachukua wembe nikakata safu zake tano na kuzifunga upya. Za kwangu zilinyooka. Lakini nilizikaza mno, na plastiki ni laini. Asubuhi mlingoti ulikuwa umeinama upande mmoja kama mnazi wa pwani, na kwenye shina lake palikuwa na ufa.

Kijana aliuona ufa kwanza, kisha akaziona ngazi. Hakusema neno. Akavikusanya vifaa, akaiingiza merikebu ndani ya sanduku, akalisukuma sanduku chini ya kitanda. Simu ikarudi mkononi, na majibu ya neno moja yakarudi mezani. Hali hiyo ilidumu wiki mbili.

Nilijiambia ni hasira za utoto, zitapita. Bibi ndiye aliyenikatia. Alinisubiri niliporudi kutoka msikitini akasema, “Mwanangu, ulipokuwa mdogo ulishona kofia moja hapa ikawa kama chandarua. Baba yako aliivaa Idi nzima.” Hakuongeza. Nilikuwa nimeisahau kofia hiyo kabisa.

Kumwomba radhi mtoto wako ni jambo ambalo wengi wetu hatukulelewa nalo. Tumezoea kumnunulia kitu, au kumchekea ghafla, tukidhani ameelewa. Mimi nilikaa kwenye ukingo wa kitanda chake nikasema nimekosa, kwamba mafundo yalikuwa yake na sikuwa na haki ya kuyakata, na kwamba naomba anisamehe. Alisema, “Sawa, Baba,” akiwa ameelekea ukutani. Ndipo nikamsimulia kisa nilichokuwa nimekisoma siku hizo nikitafuta namna ya kuutengeneza mlingoti.

Mwaka 1872 Cutty Sark ilikuwa ikishindana na merikebu nyingine ya chai, Thermopylae, kutoka China kwenda London. Ilikuwa imetangulia mbali. Katika Bahari ya Hindi dhoruba ikaung'oa usukani ukazama. Ndugu wa mwenye merikebu, aliyekuwamo safarini, alitaka waingie bandari ya Afrika Kusini wakatengeneze. Nahodha George Moodie akakataa. Seremala wa chombo, Henry Henderson, akaunda usukani mpya juu ya sitaha inayoyumba, kwa mbao za akiba na vyuma vilivyofuliwa papo hapo. Mtoto wa nahodha ndiye aliyekuwa akishika mivukuto, na wimbi lilipoyumbisha chombo makaa ya moto yakamwagika yakamuunguza. Walifika London wiki moja nyuma ya Thermopylae. Na mwaka 1916, ikiwa mali ya Wareno, merikebu hiyo hiyo ilivunjikiwa milingoti karibu na Rasi ya Tumaini Jema ikalazimika kufungwa mipya Cape Town. Mwaka 2007 iliungua moto ikiwa katika matengenezo, lakini sehemu nyingi zilikuwa zimekwisha kuondolewa na kuhifadhiwa kwingine, na mwaka 2012 ikafunguliwa tena.

Kijana akageuka. “Yule mtoto alipona?”

Nikamwambia sijui. Akasema twende tukatafute, na hiyo ndiyo ilikuwa sentensi yake ya kwanza ndefu baada ya wiki mbili.

Mlingoti tuliutengeneza kwa spoku ya baiskeli. Fundi wa jirani alitukatia kipande kilichonyooka, tukaufungua mlingoti, ambao ulikuwa nusu mbili zilizogundishwa, tukailaza spoku katikati na kuufunga tena. Nawashauri wote watakaojaribu wafanye hivyo mapema kwa milingoti yote mitatu, kabla ya uzi wa kwanza kufungwa, maana plastiki peke yake haihimili mvuto wa kamba. Na kamba zifungwe kwa zamu, moja ya kushoto, moja ya kulia, ili pande zivutane sawa. Matanga ya plastiki yaliyokuja na sanduku tuliyaacha. Merikebu yetu imesimama bandarini, foromali tupu, na kamba zote zinaonekana.

Watauliza wasomaji gharama. Sanduku kubwa kama letu si la kila mfuko, na ni la kuagizwa nje. Yapo madogo ya vipande vichache, yanayomfaa zaidi mtoto anayeanza. Na mwambao wetu haujawahi kungoja sanduku la mtu: watoto wa pwani wanachonga vingalawa kwa mti mwepesi na kandambili zilizokatika, wanavitia tanga la mfuko wa plastiki na kuvishindanisha ufukweni. Mzazi anayejua kushika kisu aanzie hapo. Asichonge yeye.

Safu tano nilizozifunga mimi kijana alizikata zote, akafunga zake. Zikatoka na mawimbi yale yale, labda kidogo tu yamepungua. Upande wa kulia, aliouacha wa mwisho, umenyooka kiasi kwamba wageni hudhani ulitoka kiwandani. Fundo la mwisho lilifungwa wiki ya kwanza ya Januari, siku nne kabla ya kupanda basi kwenda shule ya bweni. Mjomba wake alipiga simu ya video kutoka London, akazungushiwa merikebu yote, akauliza mbona Nannie hayupo. Kijana akamjibu, “Yumo ndani, Mjomba. Anatafuta shimizi ndefu.” Bibi alicheka mpaka akatoa miwani.

Sasa iko juu ya kabati la sebuleni. Mimi hupenda kuiweka upande wa kulia ukiwa mbele, wageni wauone ulionyooka. Bibi, akipangusa vumbi kwa brashi ya rangi, huigeuza. Kila nikirudi kazini naukuta upande wa kushoto unatazama mlango.